Kiporo cha Bi Mkubwa

Mke mwenzangu alinikaribisha katika ndoa kwa kiporo. Fungate ilikuwa imekwisha, na mume wetu alikuja kwangu Ng'ambo akitokea nyumbani kwake Mkunazini. Alikuwa amebeba hotpoti nyekundu kwa mikono miwili, kama mwanamume aliyepewa mtoto mchanga amshike, akaiweka mezani bila ya kuniangalia. Alisema Bi Mkubwa ananisalimu, na kwamba nisipate taabu ya kupika. Nilipoifunua nikakuta wali wa jana, baridi, umeshikana kama udongo, na upande mmoja bado una chapa za vidole vya mtu aliyekula, akashiba, akaondoka.

Nilifahamu maana yake. Mume wetu naye alifahamu, maana alikwenda kutawadha na wakati wa sala ulikuwa bado haujaingia.

Kila mtu mtaani kwake alimwita Bi Mkubwa, hata wazee waliompita umri, na mimi simwiti vyengine hata leo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na buibui lake lilinukia udi kabla mwenyewe hajaingia mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya chini. Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akiipaza, na hilo ndilo lililowafanya watu wamwogope. Mwenye kupiga kelele unajua atakapoishia. Yeye ulimsikiliza mpaka mwisho, ukamshukuru, ukaenda zako, na uko njiani ndipo unapohisi kuwa umechanjwa.

Mbele za watu aliniita mwanangu. Tukikutana arusini nikamwamkia, alimaliza kwanza mazungumzo na mtu wa upande wa pili, akatengeneza mtandio wake, akanitazama kama anayenikumbuka kwa mbali, kisha ndipo akanijibu, "Marahaba, mwanangu," kwa upole wa kumfanya kila aliyekuwepo amsifu. Tukiwa wawili peke yetu hakuniita chochote. Akitaka kunitaja kwa mume wetu alisema "yule wa mwani," kwa sababu mama yangu na dada zangu walikuwa wakilima mwani Matemwe. Mume wetu alidhani ni mzaha. Alikuwa mwanamume mwema, mwenye duka lake la vitambaa karibu na Darajani, na kama wanaume wengi wema alidhani kila kisichopigiwa kelele ni mzaha.

Basi nirudi kwenye ule wali. Kabla ya kuolewa naye nilikuwa nimeshaolewa na kuachika, nikafanya kazi jikoni katika nyumba ya wageni hukohuko Matemwe. Wageni walipikiwa wali mpya kila siku. Sisi wafanyakazi tulikula uliobaki, na uliobaki tuliukaanga. Kwa hiyo kiporo hakikuwa kigeni kwangu. Niliumwaga ule wali kwenye sinia, nikapaka mafuta kidogo viganjani, nikauchambua taratibu mpaka punje zikaachana. Nikaliacha karai tupu juu ya moto mpaka likaanza kutoa moshi, kwa sababu wali ukiingia katika karai vuguvugu haukaangiki, unajipika mara ya pili tu. Nikaanza na mayai, nikayavuruga na kuyatoa. Kisha thomu na tangawizi, kitunguu, karoti na pilipili boga iliyokatwa ndogondogo, na kamba waliobaki mchana. Halafu wali, kidogo kidogo, mwiko haupumziki. Sosi ya soya niliimimina ubavuni mwa karai, si juu ya wali, ili iungue kidogo na kutoa harufu yake. Mayai yakarudi, nikatia vitunguu vya majani na kukamulia ndimu.

Mume wetu alikula sahani nzima. Alipomaliza aliomba tena, na alipomaliza tena akauliza kwa haya kama karai limebaki na chochote.

Lazima niseme jambo moja kwa haki yake Bi Mkubwa. Wali wake ulikuwa mzuri. Alijua kuuosha mchele, alijua kiasi cha maji kwa kuutazama tu, na punje zake zilisimama moja moja kama zilizohesabiwa. Kama angelikuwa mpishi mbovu, nisingeliweza kufanya lolote na viporo vyake. Aliniletea silaha akidhani ananiletea takataka.

Alikuwa na maneno yake, ambayo sijayasikia kwa mtu mwengine. Alipenda kusema kwamba mtu mjue kwa anachobakisha. Na mgeni, alisema, mpe kiti, usimpe mto. Hilo la pili aliwahi kulisema mbele yangu, siku ya Idi, huku akinisogezea mto niegemee.

Viporo viliendelea kuja kila zamu yangu, na mimi niliendelea kuvikaanga. Mume wetu hakuwa na hila, na siku moja alimwambia Bi Mkubwa kwa mdomo wake kwamba wali wake ukishakaangwa kwangu unakuwa mtamu kuliko ulivyokuwa kwake. Alinisimulia jambo hilo akicheka. Sikucheka, kwa sababu nilijua kitakachofuata.

Zamu iliyofuata hotpoti ilikuja na mashendea. Mwanamke yule ambaye hakuwahi kukosea maji alikuwa ameupika wali mpaka ukawa uji, kusudi, akala yeye mwenyewe ule ule pamoja na mume wake ili apate kuniletea mabaki yake. Niliutandaza kwenye sinia, nikaufunika kitambaa chepesi, nikauweka chini ya feni mpaka ukakauka, kisha nikaukaanga kwa moto mkali na mafuta kidogo sana. Haukuwa mzuri kama siku nyengine lakini ulilika. Baada ya hapo akaleta wali wa nazi aliouacha nje ya friji mpaka ukachacha. Huo hauna dawa. Niliwapa kuku wa jirani, nikakaanga wali wangu mwenyewe niliokuwa nimeupika asubuhi na kuupoza, nikaiosha hotpoti, nikamrudishia na salamu za shukrani. Hakuleta tena uliochacha. Nadhani hakutaka nipike wangu.

Msije mkadhani alikuwa mtu asiyekuwa na huruma. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaosha wanawake wanaokufa mtaani kwao, maskini na tajiri, na hakuchukua malipo. Niliwahi kumwona akifanya kazi hiyo, kwa sababu aliyefariki alikuwa jamaa yangu na mimi nilikuwa namiminia maji. Aliyajaribu yale maji kwenye kiwiko chake kama mama anayetaka kumkogesha mtoto. Aliuinua mkono wa maiti taratibu, akazungumza naye kwa ile sauti yake ya chini, akimwomba samahani kila anapomgeuza. Nilisimama nikiwa na kopo mkononi, nikawaza kwamba kumbe ipo njia ya kupendwa na mwanamke huyu.

Halafu ikatokea mimba yangu. Ilitoka ikiwa changa, na aliyekuja wa kwanza ni yeye. Alipanda ngazi zangu bila ya hodi, akanivua nguo, akazifua kwa mikono yake, akanipikia uji wa pilipili manga na kunishikilia kichwa nikiunywa. Alikaa na mimi mpaka jioni. Alinichana nywele. Nililia kifuani mwake, na sioni haya kusema kwamba siku ile nilimpenda. Alipokuwa akiondoka alivaa buibui lake, akanifunika shuka vizuri mpaka mabegani, akaniinamia.

"Pumzika," akaniambia. "Mungu hakosei mlango."

Akatoka. Sikupata mimba nyengine.

Kosa kubwa alilolifanya mume wetu ni kumwomba Bi Mkubwa naye amkaangie. Hata hili alinisimulia mwenyewe. Bi Mkubwa aliapa kwamba kiporo hakitoingia katika karai lake, kwa hiyo alipika wali mpya, wa moto, unaofuka mvuke, akautia palepale katika mafuta. Wali wa moto una maji ndani yake. Ulijikusanya kama donge, ukashika chini, sosi ikaufanya mweusi, na mume wetu, ambaye angeliweza kula akanyamaza, alisema kwamba si kama wa kule.

Baada ya hapo ndipo neno la limbwata lilipoanza kupita. Hakulisema wazi, kwani yeye hakuwa mtu wa kusema kitu wazi. Arusini, akiwa na wanawake wenziwe, alisema kwamba yeye hamsemi mtu, lakini mwanamume aliyelishwa vizuri maisha yake yote akaanza kulilia kiporo, watu wazima watafakari. Walitafakari. Nilikuwa nikipita sokoni wanawake wanavuta watoto wao upande. Jirani yangu, tuliyekuwa tukipeana chumvi na kibiriti, aliacha kula chakula changu mwezi wa Ramadhani. Alikuwa akikipokea mlangoni kwa adabu, na asubuhi yake nakikuta kwenye jaa.

Nilimsubiri mume wetu aseme neno. Alikuja kwenye zamu yangu kama kawaida, nikamtilia wali, akautazama kwa muda. Kisha akaisukuma sahani mbele yangu.

"Onja wewe kwanza," akasema.

Nilionja. Na tangu siku ile mpaka ya mwisho, kila sahani niliyompikia nilianza kuila mimi, yeye akinitazama kooni. Hatukulizungumza tena. Alikula, alisifu, aliomba ukoko, lakini kila mara nilianza mimi. Bi Mkubwa alijua. Nafikiri ndiye aliyemfundisha.

Kiharusi kilimkuta mume wetu kwenye zamu ya Bi Mkubwa. Alilazwa hospitali siku chache, na mimi nilikuwa naingia na kumwona kama wengine. Akanishika mkono kwa ule upande wake mzima. Aliporuhusiwa alipelekwa Mkunazini, kwa sababu ndiko alikotokea na ndiko kulikokuwa na kitanda kikubwa, na daktari alisema asihamishwehamishwe. Nilikubali. Nilidhani nitakuwa nakwenda.

Nilikwenda. Bi Mkubwa alikuja mwenyewe mlangoni, akafungua ubao mmoja tu, akasema kalala. Nilikwenda kesho yake, kalala. Nilisema nitasubiri kwenye baraza, akaniletea kahawa na kashata, nikasubiri mpaka magharibi, akaniambia bado kalala na kwamba mgonjwa akisumbuliwa damu hupanda. Simu ya mume wetu ilikuwa imezimwa. Kaka yangu alikuja kutoka Matemwe kunisaidia. Alipewa kahawa, akaambiwa maneno yale yale kwa adabu ileile, akarudi akisema yule mama mbona mstaarabu. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa Pemba na alikuwa karibu kujifungua, hakuweza kusafiri. Sikuwa na wa kumshtakia. Nitasema nini? Kwamba mwanamke ananinywesha kahawa?

Kwa hiyo nikapika. Nilikaanga wali kwa mafuta machache, mboga nimezikata ndogo kama za kumlisha mtoto, chumvi kidogo, nikatia kwenye bakuli na kumpa Bi Mkubwa pale mlangoni. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, mwanangu. Kesho yake nikipeleka jengine alinirudishia la jana likiwa limeoshwa, halina punje. Hilo likanipa moyo. Nilijiambia kuwa hata kama simwoni mume wetu, anakula kwa mkono wangu, na anajua kwamba nipo chini, mlangoni. Nilikuwa nikienda sokoni asubuhi kutafuta kamba wadogo kwa sababu alikuwa akiwapenda.

Habari ya kifo nilipewa na mwuza samaki. Nilikuwa nachagua kamba, akaniambia pole, mama, nikamuuliza ya nini, akaona kwamba sijui, akaanza kupanga upya samaki wake. Nilipofika Mkunazini alikuwa ameshaoshwa na kukafiniwa. Wanawake walikuwa wamejaa chumbani, na katikati alikaa Bi Mkubwa, amejifunika kanga nyeupe, uso mkavu. Aliniona nikiingia.

"Mfunulieni amwone," akawaambia, "asije akasema nimemnyima."

Tulikaa eda kila mtu kwake. Ilipokwisha nilihamia Mwanakwerekwe, nikaanza kupika chakula cha mchana cha kuuza. Neno la limbwata halikunifuata huko, au kama lilinifuata watu walikuwa na njaa zaidi ya khofu. Wali wa kukaanga ndio uliokuwa ukiisha wa kwanza. Miaka ikapita. Nilisikia kwamba Bi Mkubwa ameacha kuosha maiti kwa sababu ya mgongo. Nilisikia amepungua. Sikwenda kumtazama, na yeye hakuniulizia.

Mwaka jana binti yake alikuja mlangoni kwangu. Alikuwa amerudi kutoka Pemba kumuuguza mama yake, na uso wake ulionyesha kwamba halali. Aliniamkia kwa heshima, akaniita mama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema Bi Mkubwa ana maradhi ya tumbo ambayo madaktari wameshayanyanyulia mikono, na hali chochote, si uji wala maji ya madafu. Alichotaka ni wali wa kukaanga wa yule mwenzake. Alimwambia binti apike wali jana yake, auweke kwenye friji, kisha anifuate.

"Nahisi anataka kukuomba radhi," yule binti akaniambia. "Hana ila wewe, mama. Nakuomba."

Nilikwenda. Ilikuwa baada ya adhuhuri, na dirisha la chumba chake lilikuwa wazi. Alikuwa amebaki macho na shingo. Nilimwamkia, akaniitikia papo hapo, "Marahaba," bila ya mwanangu. Akamwambia binti yake anionyeshe jiko.

Nilikuwa sijawahi kuingia katika jiko lile. Nilikaanga wali kwenye karai lake, na sikuupunja chochote. Nilimletea, nikamwinua, nikamwekea mito mgongoni. Kwanza nilitia kijiko kinywani mwangu, kwa mazoea, nikaona midomo yake ikicheza kidogo. Kisha akala. Alikula polepole, akapumzika, akala tena, mpaka akamaliza yote. Binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Bi Mkubwa akamwambia ashuke akakae barazani apate hewa.

Tulipobaki wawili akasema, "Ule uliokuwa ukileta ulikuwa na mafuta kidogo kuliko huu."

Nilimwambia ule niliupikia mgonjwa.

"Najua. Nlikuwa nnaula mimi."

Alikuwa akinitazama usoni kama alivyokuwa akiyatazama maji ya wali, kukisia kiasi.

"Nlikuwa nnaula palepale jikoni, nimesimama," akaendelea. "Na yeye alikuwa akisikia harufu. Ulimi ulikuwa mzito lakini jina lako likitoka. Akauliza mbona huji. Nkamwambia nshakupelekea habari, ukanijibu kwamba mwanamume aliyelala kitandani si mume tena, ni kazi."

Nilimuuliza kama aliamini.

"Aligeukia ukuta," akasema. "Hakukuuliza tena."

Nje mtu alikuwa akipita na baiskeli akipiga kengele. Nilingoja ipite. Nilitaka sauti yangu iwe ya chini kama yake, na ilikuwa.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Nliogopa ntakufa hujajua," akasema, akafumba macho. Hakukuwa na majuto katika uso ule. Alikuwa na utulivu wa mtu aliyemaliza kazi iliyomkalia miaka.

Niliipeleka sahani jikoni, nikaiosha, nikaliosha na karai, nikalipangusa na kulirudisha mahali pake. Nilichungulia chumbani mara moja: alikuwa amelala, tumbo limeshiba. Nikashuka ngazi.

Binti yake alinyanyuka barazani aliponiona, akanishika vidole vyangu ambavyo bado vilikuwa na maji.

"Kakuomba radhi?"

"Kaniomba," nikamwambia. "Kalia sana. Kanishika miguu."

Alimshukuru Mungu, akaufunika uso kwa viganja, akakaa hivyo kwa muda mabega yakimtikisika. Aliponyanyua uso ulikuwa umepata mwanga. Nilijua kwamba Bi Mkubwa hatoweza kunikadhibisha bila ya kumweleza mwanawe alivyomfanyia baba yake.

"Na wewe, mama?" akaniuliza. "Umemwambiaje?"

"Nimemwambia simsamehi, duniani wala akhera," nikasema, nikainama kuvaa viatu vyangu.